Kaseti ya mkojo ya POC-CCA: inawaona minyoo, ini hailioni

Kwenye vituo vya afya vya kando ya Ziwa Victoria, iwe Ukerewe, Sengerema au Mbita upande wa Kenya, mtu mwenye tumbo la kunyonga na choo chenye damu na kamasi hupimwa choo kwa hadubini, anaambiwa hakuna kitu, anarudi nyumbani na metronidazole, dawa ya amiba. Mara nyingi kitu kipo. Ni kichocho cha tumbo, na mayai yake hayakuangukia kwenye slaidi ya siku hiyo. Kaseti ya POC-CCA, kipimo kidogo cha haraka kinachotengenezwa Afrika Kusini, imekuja kuziba pengo hilo: badala ya kutafuta mayai kwenye choo, inatafuta kwenye mkojo chembe ambazo mnyoo aliye hai anazitema kwenye damu.

Faida yake inaonekana ukiiweka kando ya Kato-Katz, kile kipimo cha kuhesabu mayai kwenye choo kwa hadubini. Kato-Katz inataka choo kilichochujwa, kikajazwa kwenye tundu la kiolezo linalobeba miligramu 41.7, kikafunikwa kwa selofani iliyolowekwa siku nzima kwenye gliserini yenye rangi ya malakaiti. Mayai unayahesabu na kuzidisha kwa 24 upate idadi kwa kila gramu: 1 hadi 99 ni maambukizi mepesi, 100 hadi 399 ya kati, 400 na kuendelea ni mazito. Kazi nzuri, lakini ina kasoro mbili kubwa. Kwanza, minyoo haitoi mayai kwa kiasi kilekile kila siku, kwa hiyo mtu mwenye maambukizi mepesi anaponyoka kirahisi. Pili, choo cha maji hakijai kwenye kiolezo. Yaani mgonjwa anayeharisha, ambaye ndiye hasa unayemtafutia jibu, ndiye kipimo kinamshindwa. Mkojo hauna tatizo hilo.

Namna ya kutumia ni rahisi, ila haisamehe uzembe. Mkojo uwe kwenye chombo safi kikavu. Ukiwa ulitoka kwenye friji, uache upate joto la chumba. Fungua pakiti ya foili pale unapokuwa tayari, si kabla, kwa kuwa unyevu huharibu karatasi iliyomo ndani. Shika bomba la kudondoshea wima, dondosha matone 2 (kama mikrolita 100) kwenye tundu, anza kuhesabu muda. Soma dakika ya 20. Zikipita 25, iache, maana mstari unaweza kujitokeza baadaye na kukudanganya. Makosa mengi tunayoyajua hutokea hapa: mtaalamu mmoja ameweka kaseti 15 mezani, anaita wagonjwa, anarudi baada ya nusu saa na kuandika «chanya» kila palipo na kivuli. Panga kaseti tano tano, andika kwenye kila moja namba ya mgonjwa na saa ya kuanza.

Mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kaseti yenyewe imefanya kazi, usipotokea, tupa, rudia. Mstari wa kipimo ukitokea wazi, ni chanya. Shida ipo katikati, kwenye ule mstari hafifu ambao mmoja anauona na mwenzake hauoni. Ubora wa uzalishaji nao umekuwa ukitofautiana kati ya bechi na bechi, na mstari hafifu ndio unaoyumba zaidi. Dawa yake ni seti ya kaseti za marejeo zilizochapwa, G1 hadi G10: G1 ni hasi, G2 na G3 ni hafifu, G4 na kuendelea ni chanya. Nunua au omba seti hiyo pamoja na vipimo. Bila hiyo kila zamu itakuwa na jicho lake. Bechi mpya ikifika, ijaribu kwanza kwa mkojo ambao jibu lake linajulikana.

Hafifu utaifanyia nini? Mvuvi au mchota maji wa ziwani mwenye dalili, mtibu. Mjamzito, au mtu mwenye damu kwenye mkojo au maambukizi ya njia ya mkojo, usikimbilie kutibu. Hali hizo zimeonekana kutoa chanya isiyo ya kweli. Hapo rudia, na utafute mayai kwa choo cha siku mbili au tatu.

Sasa udhaifu ambao tungependa kila daktari aujue. Kaseti inaonyesha kwamba minyoo ipo na inaishi. Haionyeshi ini limeharibika kiasi gani. Mayai yanayosombwa na damu kutoka utumbo hadi kwenye ini hujenga kovu kuzunguka mishipa, na kovu hilo hubaki hata minyoo ikishakufa. Mtu mzima mwenye bandama iliyofika kitovuni, aliyewahi kutapika damu, anaweza kuwa na kaseti hasi kabisa. Usimfutie kichocho kwa sababu ya kaseti. Huyo anahitaji ultrasaundi ya kuangalia kovu kandokando ya mshipa mkuu wa ini na upana wa mshipa wenyewe, kisha rufaa ya endoskopi kuangalia mishipa iliyovimba kwenye umio. Na kumbuka kwamba kichocho peke yake huziba njia ya damu lakini huacha seli za ini zikifanya kazi. Macho yakiwa ya njano au albumini ikishuka sana, pima homa ya ini B, uliza pombe.

Kwa tiba, praziquantel ni miligramu 40 kwa kilo, baada ya chakula: mtoto wa kilo 30 vidonge 2 vya miligramu 600, mtu wa kilo 60 vidonge 4. Uliza kwanza kama ana kifafa, hasa palipo na minyoo tegu wa nguruwe. Dawa haiui minyoo michanga, hivyo dalili zikirudi baada ya wiki 4 hadi 6, rudia. Kurudia kaseti wiki ya kwanza ni kupoteza fedha, kwa kuwa chembe hazijatoweka bado. Subiri angalau wiki 4.

Unguja na Pemba msiinunue. Kichocho cha huko ni cha mkojo, spishi nyingine ambayo kaseti hii huigundua vibaya. Kuchuja mkojo na kutazama mayai kwa hadubini bado ndiyo njia.