Kadi ya swali walinipa wao, na mume pia walinipa wao

Kama umewahi kuangalia kipindi cha mazungumzo cha mchana cha Uingereza ukajiuliza wale watu wa ukumbini maswali makali namna ile wanayatoa wapi, jibu ninalo: wanapewa kwenye kadi. Nilipewa mimi, studio moja ya London, kwenye kipindi ambacho hakikufikisha hata msimu wa pili na ambacho jina lake nalihifadhi. Kadi ilisema mume wangu ananificha mshahara wake, je, nimwambie mama mkwe? Sina mume. Nikamwambia hivyo kijana mwenye spika za masikioni. Hakuninyanyulia hata macho. "Haidhuru," akasema, "ni televisheni tu."

Sasa niwape haki yao kabla hasira haijanizidi. Tiketi ni bure. Lakini hutolewa nyingi kuliko viti, maana mtu asiyelipa kitu haoni taabu kubaki kwake mvua ikinyesha. Kwa hiyo tiketi mkononi si kiti. Kiti ni cha aliyewahi foleni. Fika saa nzima kabla ya muda ulioandikwa, ikiwezekana saa na nusu, na kitambulisho chenye picha. Nguo za mistari myembamba au vidrafti vidogo ziache nyumbani, kwenye kamera zinachezacheza kama maji. Nembo kubwa za kampuni utaambiwa uzifunike. Sweta usiisahau: taa zina joto kali, kiyoyozi hufunguliwa mpaka mwisho, na baridi yote inawashukia ninyi mliokaa nje ya taa. Kula kabla ya kwenda. Kipindi cha saa moja chenye matangazo ya biashara hubaki na kama dakika 47 za maongezi, ila kuzirekodi kunaweza kukushikilia kitini saa mbili au tatu, na kwenda msalani ni mpaka uruhusiwe.

Mchekeshaji wa kuchangamsha watu kabla ya kipindi alikuwa moto kuliko mwenye kipindi. Msimamizi wa ukumbi naye alijua kazi yake: anahesabu kwa sauti, tano, nne, tatu, halafu mbili na moja kwa vidole tu, ili maiki zisimnase. Makofi yetu yalirekodiwa mgeni wa kwanza hajaingia. Sura za mshangao pia. Unaambiwa ushangae, unashangaa, mhariri atakupachika anapotaka. Hilo halikuniudhi hata kidogo. Makofi ni makofi, hayamsingizii mtu ndoa.

Lakini ile kadi!

Nilijaribu kwa upole. Nikasema niulize jambo lile lile kwa jina la mtu yeyote, "mwanamke akifichwa mshahara afanyeje", bila kusema mume wangu. Kijana akaichukua kadi kutoka mkononi mwangu, kuichukua kweli kweli, akampa dada aliyekaa kando yangu. Dada akaisoma vizuri mno. Mtangazaji akashuka jukwaani akamkumbatia, ukumbi ukaguna kwa huruma. Na ukiona mikono ya msaidizi haiachii maiki hata sekunde moja, ujue kwa nini: wewe huishiki kamwe, inashikwa mbele ya mdomo wako, ili ukitoka nje ya kadi iondolewe.

Sababu ya mambo haya inajulikana na haihitaji fitina. Kipindi kinachotoka siku tano kwa wiki kinakula watu. Kila siku wanatakiwa wageni, visa na machozi mapya, na wanaovitafuta mara nyingi ni vijana wa mikataba mifupi wanaoomba Mungu mgeni asighairi asubuhi ya kurekodi. Akighairi, pengo linazibwa na yeyote aliyepo. BBC walishaungua hapa. Mwaka 1999 walikuwa na kipindi cha mazungumzo cha The Vanessa Show cha mtangazaji Vanessa Feltz, aliyetoka ITV, kituo cha televisheni cha biashara, kwa kishindo. Mwezi Februari gazeti la Daily Mirror likafichua kwamba baadhi ya wageni ni wa kuigiza, waliopatikana kupitia wakala, wakiwemo "ndugu" wawili waliogombana hewani ambao hawakuwa na undugu wowote. Wafanyakazi kadhaa wakasimamishwa, na kipindi kikafutwa mwaka huo huo. Mtu anayefanya kazi kwenye tasnia hiyo bado ananiambia ni televisheni tu.

Ukipewa kadi, uliza kabla maiki haijafika: swali hili ni la nani? Naruhusiwa kulisema kwa maneno yangu? Kukataa si kosa, na hawawezi kukudai chochote maana hawajakulipa. Kanuni za Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, zinataka anayeshiriki aelezwe kipindi ni cha nini na mchango wake utatumikaje, na zinakataza vipindi vya habari za kweli kuwapotosha watazamaji kwa kiasi cha kuwadhuru. Ukionyeshwa isivyo haki, malalamiko yapeleke Ofcom ndani ya siku 20 za kazi tangu kipindi kirushwe. Andika saa, safu uliyokaa na maneno yaliyokuwa kwenye kadi. Kadi yenyewe hutatoka nayo, wanazikusanya.

Nyota tatu, basi. Mchekeshaji, utaratibu wa foleni, na kuona kamera zinavyocheza bila kugongana ni elimu tosha kwa anayependa fani hii. Nendeni, ni bure.

Hapana, mbili. Maana nilikiangalia kiliporushwa, na wakati yule dada analia mume wake wa kadi, kamera ikakata ikaja kwangu nikiwa nimekunja uso. Hasira zangu kwa kijana wao wamezigeuza kuwa uchungu kwa huyo mume. Moja.