Vifaa vya albamu kwa picha za zamani: tathmini baada ya masika mawili

Bibi yangu alipofariki dunia alituachia sanduku la mbao lenye picha zaidi ya 300, pamoja na albamu tatu. Picha kongwe kuliko zote ni za nyeusi na nyeupe, na baadhi yake zina nyuma muhuri wa Capital Art Studio, studio ambayo Ranchhod Oza aliifungua Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930. Hizo zilikaa miaka yote ndani ya bahasha za karatasi, na hadi leo unaweza kuhesabu marinda ya nguo za waliopigwa. Zilizoharibika ni picha za rangi za miaka ya 1980, ambazo bibi alizipenda zaidi na kwa sababu hiyo akazinunulia albamu.

Albamu zenyewe ni zile ambazo nyumba nyingi zilikuwa nazo: kurasa za kadibodi zenye mistari ya gundi, na juu yake karatasi ya plastiki unayoifunua na kuirudisha. Gundi ilikuwa imegeuka rangi ya chai na kupenya hadi kwenye picha. Mimi na mama mdogo tulitumia jioni nyingi za mwezi wa Januari kuzibandua, kwa kupitisha uzi wa kusafishia meno chini ya kila picha kuanzia pembeni na kuuvuta taratibu huku na huku, kama mtu anayekata sabuni ya mche. Picha mbili hazikukubali, nazo tuliziacha juu ya kadibodi yake na kuikata kadibodi kuzizunguka, kwani kulazimisha kungezichana.

Baada ya hapo niliagiza vifaa vinne, na binamu yangu anayeishi Muscat akaniletea alipokuja likizo: kurasa zenye mifuko ya plastiki ya polipropilini, karatasi nene zisizo na asidi wala lignini (kemikali ya mti inayoifanya karatasi igeuke njano), vipembe vya karatasi vya kushikia picha, na kalamu za Pigma Micron. Ninaviandikia sasa kwa sababu vimekwisha kupita masika mawili ndani ya nyumba isiyo na kiyoyozi, na huo ndio mtihani ambao maelezo ya kwenye pakiti hayausemi.

Kabla ya kuviagiza nilinunua hapa mjini albamu iliyoandikwa juu ya jalada kwamba ni salama kwa picha. Ilipofunguliwa ilitoa harufu kali ya plastiki mpya, nami nikashuku kuwa mifuko yake ni ya PVC, plastiki ile ile inayotengenezewa mabomba ya maji, ambayo kadiri inavyozeeka hutoa asidi na mafuta ya kulainishia, na picha ndiyo inayoyapokea. Mjomba, ambaye ni fundi umeme, alitoka nje uani, akapasha moto waya wa shaba hadi ukaiva, akaugusisha kwenye kipande kidogo cha mfuko huo, kisha akaurudisha kwenye moto. Mwali uligeuka kijani, dalili ya klorini. Moshi wake una madhara, kwa hiyo jambo hili lisifanywe ndani ya chumba wala karibu na watoto. Albamu ile sasa inahifadhi stakabadhi za umeme.

Neno ninalolitafuta siku hizi si «salama» bali ni maelezo kwamba kifaa kimefaulu jaribio la PAT (Photographic Activity Test, la kupima kama kifaa kinadhuru picha), lililotokana na kazi ya Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, na sasa ni kanuni ya kimataifa ISO 18916. Katika jaribio hilo karatasi, plastiki au gundi hugusanishwa na nyenzo zinazodhurika upesi, kisha huwekwa kwa siku 15 katika joto la nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 86, ili ionekane kama kuna kinachofifisha au kutia madoa. Kurasa za mifuko na karatasi nilizoagiza zilikuwa na maelezo hayo. Vipembe vilisema tu kwamba havina asidi, na nilivikubali kwa kuwa gundi yake haigusi picha.

Kwa picha za rangi zenye ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, kurasa za mifuko zinafaa sana. Hazinuki, hazijanata, na watoto wanaweza kufunua bila vidole vyao kugusa picha. Usumbufu ni kwamba zina matundu matatu, ilhali mafaili yanayouzwa kwenye maduka yetu ya vifaa vya ofisi yana pete mbili, kwa hiyo inabidi ama uagize jalada lake au utoboe upya ukingoni.

Hata hivyo, sikuzipenda kwa picha za nyeusi na nyeupe. Tabaka linalobeba taswira ni la jelatini, ambayo hufyonza maji na kulainika. Hewa ya pwani ikikwama ndani ya mfuko, jelatini hugandamana na plastiki na kuacha mabaka yanayong'aa, na katika masika ya kwanza picha moja ya harusi ya bibi ilianza kuonesha hivyo kwenye kona ya juu. Niliitoa siku hiyo hiyo, pamoja na nyingine zote za umri wake.

Ndipo nilipovithamini vipembe. Kipembe ni mfuko mdogo wa pembetatu wenye gundi upande wa nyuma. Unaingiza kona nne za picha, kisha unabandika vipembe juu ya karatasi, na picha yenyewe haiguswi na gundi hata chembe. Inapumua, na inaweza kutolewa ili kusoma maandishi ya nyuma. Katika picha zetu hilo ni jambo kubwa, maana babu alikuwa na desturi ya kuandika majina ya wote waliopigwa, pamoja na jina la mtaa. Ni kazi ya subira: ukurasa wa picha nne hunichukua karibu nusu saa, na vipembe vichache vilibanduka katika masika ya pili nikalazimika kuvibadilisha. Bado, kama mtu ana fedha ya kununua kifaa kimoja tu, ningemwambia anunue vipembe na karatasi nzuri.

Kalamu ya Pigma sina neno baya juu yake. Wino wake, ambao kampuni ya Sakura ya Japani iliutoa mwaka 1982, ni wa chembe za rangi zisizoyeyuka majini, na maelezo niliyoyaandika chini ya picha hayajafifia wala kusambaa. Ninaandika kwenye karatasi ya albamu tu. Nyuma ya picha za zamani natumia penseli laini, bila kukandamiza.

Kilichobaki ni mahali pa kuweka. Ukungu hupata nguvu unyevu unapopita asilimia 65 hivi, na kwetu huo ni unyevu wa siku ya kawaida. Albamu zimesimama kwenye kabati la chumba cha ndani, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu, nami huzifunua zote siku kavu za kaskazi. Picha ya harusi iko ukurasa wa kwanza, ndani ya vipembe, na lile baka la kona halijaongezeka.