Kompyuta ya magemu kwa mfuko mdogo: uanze na ipi?

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, ninunue kadi gani ya picha?" Nami humrudishia swali jingine aliyeuliza: fungua boksi lako, soma kibandiko cha pawa saplai, niambie kimeandikwa wati ngapi. Hapo wengi hunyamaza. Kadi zote zilizotoka tangu 2016 wanazijua kwa majina, lakini kile kisanduku cha chuma kinachozilisha umeme hawajawahi kukitazama. Na ndicho kinachoamua.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kucheza GTA V, eFootball, Valorant au CS2 kwenye kioo cha 1080p bila kuingia kwenye madeni. Nimepanga njia tano, kuanzia ile ningemshauri mdogo wangu wa tumbo moja hadi ile ambayo ningemshika mkono nimzuie. Ninaandika nikiwa na Kariakoo kichwani, na kwa wenzetu wa Nairobi, Luthuli Avenue, ambako kompyuta za ofisi zilizotumika nje hupangwa madukani kama matofali.

1. Boksi kubwa la ofisi, kizazi cha 8, na kadi isiyohitaji waya

Hii ndiyo nambari moja yangu, na sioni ya kuipita kwa sasa. Tafuta Dell OptiPlex 7060, 5060 au 3060, au HP EliteDesk 800 G4, au Lenovo ThinkCentre M920t. Iwe ile yenye boksi kubwa la kusimama, si ile nyembamba. Ndani uikute prosesa ya Intel kama Core i5-8500, yenye koa 6, yaani vichwa sita vya kufanyia kazi; ile 8 ya mwanzo kwenye 8500 ndiyo kizazi.

Kwa nini nasisitiza kizazi cha 8? Kwanza, i5 za kizazi cha 7 zina koa 4 tu, na magemu ya siku hizi yanazimaliza haraka. Pili, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Intel zinazokubalika rasmi kwenye Windows 11, ukiacha chache mno, zinaanzia hapo. OptiPlex 7050 inafanana na 7060 kama pacha, na muuzaji atakwambia ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Kwa Dell angalia tarakimu ya tatu iwe 6, kwa HP angalia G4 kwenda juu.

Sasa kadi. Pawa saplai za maboksi haya nyingi zina wati 250 hivi, na kwa kawaida hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Lakini tundu lenyewe la PCIe, lile la kuchomekea kadi kwenye madabodi (bodi kuu ya ndani), linaweza kutoa hadi wati 75. Kwa hiyo unatafuta kadi inayoishi ndani ya wati hizo. Chaguo langu la kwanza ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, inayotumia wati 70. Kuwa makini hapo: ipo RTX 3050 nyingine ya GB 8 inayokula wati 130 na inataka waya wake. Jina moja, matumbo mawili tofauti. Ikikushinda bei, shuka kwenye GTX 1650 ya GB 4, ukihakikisha ni toleo lisilo na tundu la waya ubavuni, maana yapo ya aina zote mbili. Chini zaidi kuna GTX 1050 Ti ya 2016, ambayo bado inasukuma GTA V na Valorant vizuri.

RX 6400 ni ndogo na inakula umeme kidogo, lakini inatumia njia 4 tu za PCIe. Kwenye mashine hizi zenye PCIe 3.0 inabanwa, na haina uwezo wa kurekodi gemu kwa chipu yake yenyewe. Kadi za Intel Arc ziache kabisa kwa mashine za ofisi: zinategemea kitu kinachoitwa Resizable BAR, ambacho maboksi haya hayana, na bila hicho zinachechemea.

Kwenye 1050 Ti ndiko utapeli ulikojaa. Kuna kadi za zamani sana zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa jina hilo. Igeuze kadi, tazama matundu ya nyuma. Ukiona tundu la VGA, lile la buluu lenye vishimo 15, irudishe mezani, kwa sababu chipu za kizazi cha 1050 Ti zilikwishaachana na VGA. Kisha omba ichomekwe kwenye mashine ya dukani na uifungue programu ya bure ya GPU-Z: kadi ya Nvidia iliyoghushiwa huandikiwa FAKE mbele ya jina. Muuzaji anayekataa kadi isipimwe ameshakujibu.

Jambo jingine linalonifanya niitetee njia hii ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa duniani kote, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye mashine za akili mnemba. Boksi la ofisi linakuja na RAM yake tayari. Likiwa na GB 16, umeokoa pesa nyingi. Likiwa na kijiti kimoja cha GB 8, ongeza cha pili kinachofanana nacho.

2. Ryzen 5 5600G, mpya, bila kadi kwanza

Hii ni ya mtu anayetaka kujenga mwenyewe polepole, leo hiki, mwezi ujao kile. Prosesa hii ya 2021 ina koa 6 na nyuzi 12 (kila koa hushika kazi mbili kwa pamoja), na ndani yake kuna chipu ya picha ya Vega. Unaanza kucheza siku hiyohiyo bila kadi: Valorant na CS2 kwa picha za chini, eFootball bila shida. Ukipata hela, unaongeza RX 6600 ya GB 8 inayokula wati 132, na hapo una mashine ya kweli ya 1080p.

Herufi G usiicheze. Ryzen 5 5600 isiyo na G, au Intel yenye F mwishoni kama i3-12100F, haitoi picha bila kadi. Nimeona kijana amefunga kila kitu kwa usafi, amewasha, feni zinazunguka, kioo cheusi, na fundi akamtoza hela kumwambia kwamba hakuna kilichoharibika.

Na kwa mashine hii RAM iwe vijiti viwili, GB 8 na GB 8, kamwe isiwe kimoja cha 16. Chipu ya picha inakula kutoka RAM hiyohiyo, na kijiti kimoja kinaikatia njia nusu.

Kwenye kujenga mwenyewe ndipo watu wanapobana senti mahali pasipofaa: pawa saplai. Mashine yangu ya kwanza niliijenga chumba cha kupanga, na pawa saplai ndiyo niliyoinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Ilikuwa nyepesi, ukiinyanyua unaona kama boksi tupu, na ubavuni imeandikwa wati 500 kwa herufi za dhahabu. Nyuma ilikuwa na kiswichi chekundu. Sikukisoma. Kilikuwa kimewekwa 115, na umeme wetu ni 230. Nilipochomeka ukasikika mlipuko mmoja, paa, mwanga ukatoka kwenye matundu ya feni, breka ya nyumba nzima ikashuka. Harufu ya samaki aliyeungua ilikaa chumbani siku tatu. Madabodi ilikwenda nayo. Nilikaa miezi kadhaa nikijipanga upya.

Kwa hiyo: ukikuta kiswichi hicho, kisome kabla ya kuchomeka. Nunua pawa saplai nzito mkononi, ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), na wati 450 au 550 za kweli zinatosha kwa RX 6600. Ukiwa na milioni moja ya kujenga, laki moja iende huko bila majuto.

3. Mashine za kazi nzito: HP Z440 na Dell Precision T5810

Hizi zilikuwa za mainjinia na wachoraji wa ramani. Zina prosesa za Xeon, madabodi imara, na pawa saplai kubwa yenye waya za kadi tayari. Z440 ya wati 700 inabeba RX 580 au RX 6600 bila kulalamika, na bei yake sokoni mara nyingi inashangaza kwa uchache.

Mbona basi ni ya tatu? Luku. Tuseme mashine hii inakula wati 300 ukiwa unacheza, saa 4 kwa siku. Hiyo ni uniti 1.2 kwa siku, uniti 36 kwa mwezi. Kama mita yenu iko daraja la D1, lile la nafuu la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, umeshachukua karibu nusu kabla friji haijawaka. Mashine ya nambari moja, kwa wati 160 hivi, inatumia uniti 19. Kwa anayechangia Luku na wapangaji wengine, hesabu hii ni ya amani ya nyumba.

Pia Windows 11 haizitambui rasmi, na RAM yake ni ya seva, haifanyi kazi kwenye kompyuta ya kawaida ukitaka kuihamisha baadaye. Na ukinunua RX 580, uliza kama ni 2048SP. Hiyo ni RX 570 yenye jina la kaka yake.

4. Boksi jembamba la ofisi

Linauzwa bei nafuu na halichukui nafasi mezani. Lakini linataka kadi fupi ya nusu kimo, ambayo ni adimu na kwa kawaida ghali kuliko ndugu yake wa kimo kamili, na hewa ndani ni finyu. Kwa joto la Dar mwezi wa Februari, feni italia kama nzi kwenye chupa. Kama tayari unalo, RTX 3050 ya GB 6 ipo ya kimo hicho, nayo itakufaa. Kama ndiyo unakwenda kununua, ongeza kidogo uchukue kubwa.

5. Vile visanduku vya kiganja

OptiPlex Micro, EliteDesk Mini, ThinkCentre Tiny. Havina tundu la kuweka kadi ya kawaida ya picha. Kwa kazi za ofisi ni vizuri sana. Kwa magemu, hapana.

Kabla hujatoa hela

Washa mashine mwenyewe, uingie kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows: bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikidai nywila na muuzaji haijui, iache, kwa sababu ofisi iliyoiuza haikuifungua na utahangaika nayo. Gusa hewa inayotoka nyuma baada ya dakika kumi. Ikiwa ya moto na feni inapiga kelele bila gemu lolote, inahitaji kusafishwa na kupakwa dawa mpya ya joto juu ya prosesa. Hiyo ni kazi ndogo, ila itumie kupunguziwa bei.

Kioo chukua chenye HDMI au DisplayPort. Vioo vya mtumba vyenye VGA peke yake vinashawishi kwa bei, lakini kadi mpya haina pa kuvichomeka.

Diski ya kuzunguka usiitegemee kwa magemu. SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 500 iwe ya kwanza kununuliwa hata kabla ya kadi, kwa anayeboresha mashine aliyonayo. Kisha RAM ifike 16, kisha ndipo kadi.

Na siku ukishaifunga kadi nyumbani, waya wa kioo uchomeke kwenye kadi yenyewe, kule chini, si kwenye tundu la juu la madabodi ulilolizoea. Nimeletewa zaidi ya mashine moja yenye "kadi mbovu" ambayo ilikuwa nzima kabisa, haijachomekwa kioo tu.