Miaka Saba na Mabegi Mawili ya Lita 40: Uzoefu Wetu wa Kusafiri Wawili

Mabegi ninayoyaeleza hapa ni mawili ya aina moja, ya kubeba mgongoni, kila moja likiwa na ujazo wa lita 40. Mimi na mume wangu tuliyanunua mwaka 2017, na kwa miaka saba iliyofuata ndiyo yaliyokuwa mizigo yetu yote katika kila safari, iwe ya siku mbili kando ya ziwa lililo saa chache kutoka nyumbani au ya wiki tano katika bara jingine. Sitaitaja kampuni iliyoyatengeneza, kwa sababu mabegi ya umbo hili hutengenezwa na kampuni nyingi, na ninachokusudia kukipima ni begi lenyewe: linavyobebeka, linavyodumu, na hasa linavyowafaa watu wawili wanaosafiri pamoja.

Uamuzi wa kuyanunua ulitokana na usumbufu tulioupata katika safari yetu ya kwanza ya mbali baada ya kufunga ndoa. Tulikuwa na masanduku mawili makubwa ya magurudumu, lake na langu, na yote mawili yaliingia kwenye tumbo la ndege. Tulipobadilisha ndege njiani, langu lilifuata na lake likabaki. Tulisimama mbele ya mkanda wa mizigo hadi ukazimwa, kisha tukaenda kujaza taarifa ya mzigo usiofika, ile ambayo wafanyakazi wa viwanja vya ndege huiita kwa herufi PIR. Sanduku lilitufikia siku ya nne, na muda wote huo mume wangu alikuwa akifua shati moja kila usiku na kulivaa asubuhi likiwa bado na unyevu.

Ndipo nilipoanza kuusoma Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaosimamia sehemu kubwa ya safari za ndege za kimataifa. Malalamiko kuhusu mzigo ulioharibika yanapaswa kuwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu mzigo upokewe, na kuhusu mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Mzigo ambao haujafika baada ya siku 21 humpa abiria haki ya kudai fidia kama uliopotea. Kiwango cha juu cha fidia huhesabiwa kwa kila abiria, si kwa kila sanduku. Ni mambo yanayofaa kujulikana na kila anayekabidhi mzigo wake uwanjani. Hata hivyo, hakuna fidia ambayo ingeturudishia siku zile nne, na tulikubaliana kwamba safari itakayofuata mizigo yetu haitatoka mikononi mwetu.

Jambo la kwanza tulilojifunza dukani ni kwamba begi la mgongoni huchaguliwa kwa urefu wa mgongo, wala si kwa kimo cha mtu. Kipimo huanzia kwenye ule mfupa unaojitokeza chini ya shingo unapoinamisha kichwa, na kushuka kwa kufuata uti wa mgongo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Wangu ulikuwa sentimita 43 na wa mume wangu sentimita 50, kwa hiyo tulichukua saizi mbili tofauti za begi lilelile. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona wenzi wengi wakinunua mabegi pacha kwa ajili ya kupendeza, na mmoja wao akaishia kubeba uzito wote mabegani. Begi likikukaa sawasawa, mkanda wa kiunoni huikamata nyonga na kubeba sehemu kubwa ya uzito, na mikanda ya mabegani hubaki na kazi ya kulizuia begi lisiyumbe.

Vipimo vyake ni sentimita 55 kwa 35 kwa 23. Mashirika ya ndege hayana kipimo kimoja cha mzigo wa mkononi, na yapo yanayotaka unene usizidi sentimita 20, lakini kitambaa hubonyea pale ambapo sanduku gumu lisingebonyea, na hatujawahi kurudishwa. Tatizo la kweli ni uzito. Mashirika mengi huruhusu kilo 7 tu, na begi letu likiwa tupu lina uzito wa kilo 1.4, kwa hiyo kila mmoja wetu hubakiwa na kilo 5.6 za kugawanya kwa wiki mbili au kwa miezi miwili, maana nguo za wiki moja zinatosha safari yoyote ikiwa mtu yuko tayari kufua.

Hapa ndipo kusafiri wawili kunapokuwa na faida ambayo msafiri wa peke yake haipati. Chaja, dawa ya meno, sabuni ya kufulia, kisanduku cha huduma ya kwanza na kufuli havihitajiki mara mbili. Sheria ya vimiminika, iliyowekwa mwaka 2006, inampa kila abiria mfuko mmoja unaoonyesha wa lita moja, wenye vichupa visivyozidi mililita 100. Viwanja kadhaa vimeanza kuilegeza kutokana na mashine mpya za ukaguzi, lakini sisi tunaendelea kupanga kana kwamba haijaguswa, na kwa watu wawili ni lita mbili nzima. Betri ya akiba ya kuchajia simu tunayo moja, ya milliampea-saa 20,000, ambayo kwa volti 3.7 ni sawa na wati-saa 74. Mpaka wa kawaida bila kuomba kibali ni wati-saa 100, na betri ya namna hiyo hairuhusiwi kabisa kwenye tumbo la ndege, kwa sababu ikishika moto huko hakuna wa kuuona mapema.

Kanuni yetu nyingine ni kuchanganya nguo. Katika begi langu daima kuna shati na suruali ya mume wangu, na katika lake kuna gauni langu na nguo za ndani za siku mbili. Hata siku tukilazimishwa kukabidhi begi moja mlangoni mwa ndege, kama ilivyotutokea mara mbili ndege ilipojaa, hakuna anayebaki mikono mitupu.

Mji wa kwanza kutuonyesha thamani ya mabegi haya ulikuwa Venice, mwaka 2018. Mji ule una madaraja zaidi ya 400 na mengi yana ngazi, na magari hayaingii katika mitaa yake. Tulishuka kwenye kituo cha treni cha Santa Lucia jioni, tukavuka madaraja saba kabla ya kufika tulikofikia, na kwenye kila moja tuliwakuta watu wakiinua masanduku ya magurudumu ngazi baada ya ngazi, mara nyingi mume akibeba yote mawili na mke akimsubiri juu kwa wasiwasi. Sisi tulipita tukizungumza, tukitazama maji. Bado naukumbuka utulivu wa dakika zile kuliko majumba mengi tuliyoingia siku zilizofuata.

Nchini Japani, mwaka 2023, faida ilikuwa ya kiutaratibu. Tangu Mei 2020, abiria wa treni za mwendo kasi za Shinkansen katika njia ya Tokaido, inayotoka Tokyo hadi Shin-Osaka, hutakiwa kuweka nafasi maalumu ikiwa jumla ya urefu, upana na kimo cha mzigo wake inazidi sentimita 160. Jumla ya begi letu ni sentimita 113, kwa hiyo tuliyapandisha kwenye rafu iliyo juu ya viti vyetu, na tulipotaka kuutembea mji mchana kabla ya kupata chumba, yaliingia kwenye makabati ya kukodi ya kituoni, ambayo makubwa yake hujaa mapema sana asubuhi.

Peru ndiko begi lilikoonyesha mpaka wake. Machu Picchu, magofu ya mji wa kale milimani, hairuhusu kuingia na begi linalozidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20, na hata bila sheria hiyo lisingekuwa jambo la busara kupanda ngazi zile za mawe na lita 40 mgongoni. Tuliyaacha tulikolala tukabeba kimfuko chepesi kinachokunjika, kisicho na mkanda wa kiunoni, na chupa mbili za maji pamoja na makoti ya mvua zilimchosha mume wangu mabega kabla ya adhuhuri. Begi hili ni la kusafirisha vitu kutoka malazi hadi malazi. Kwa matembezi ya mchana linahitaji msaidizi, na mtengenezaji angepaswa kulisema wazi badala ya kuliuza kama begi la kila kazi.

Kuhusu uimara, kitambaa chake ni nailoni ya denier 420. Denier ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, hivyo namba ikiwa kubwa uzi ni mnene zaidi, na begi huwa zito zaidi pia. Kwa maoni yangu 420 inatosha: miaka saba imeacha mikwaruzo kwenye kitako, lakini hakuna mahali palipotoboka. Maji ni habari nyingine. Kitambaa chenyewe huyazuia, ila mishono na zipu huyapitisha, na mvua ya saa mbili ilitulowesha daftari na vitabu. Tangu siku hiyo kila kitu kimo ndani ya mfuko wa plastiki mzito, uliokunjwa mdomo.

Zipu ya begi la mume wangu ilianza kuachia mwaka wa tano. Meno yalikuwa mazima. Kilichochakaa ni kile kichwa kinachoyafunga, na fundi wa viatu alikibana kwa koleo kikashika tena kwa mwaka mzima kabla ya kukibadilisha. Kampuni niliiandikia kuhusu tatizo jingine, bizimu ya plastiki ya mkanda wa kifuani iliyovunjika, na jibu lilichukua wiki tano, ingawa bizimu mpya iliyokuja baadaye haikulipiwa. Mfuko wa pembeni wa chupa nao ni kasoro ya usanifu: begi likijaa, chupa haiingii bila kuvua begi zima, na kila tunapotembea mmoja wetu humchomolea mwenzake chupa. Tumezoea, lakini ni kasoro.

Sikutarajia kwamba begi lililonunuliwa kwa ajili ya safari za mbali lingebadilisha zaidi safari zetu za karibu. Zamani, kwenda mahali kwa usiku mmoja kulidai jioni nzima ya kufungua masanduku na kuulizana kilichobaki wapi, na mara nyingi tuliahirisha. Sasa kila begi lina orodha yake ya kudumu na vifaa vyake havitoki ndani yake tukirudi. Ijumaa mmoja wetu akisema twende, tunaongeza nguo tu. Mwaka jana pekee tulilala nje ya nyumba mara kumi na moja bila kuvuka mpaka wowote: msituni, ziwani, kwenye mji mdogo ambao kwa miaka tulikuwa tukiupita kwa basi bila kushuka. Mume wangu anasema miji ya karibu ndiyo tuliyoijua kwa kuchelewa kuliko yote, na nakubaliana naye.

Begi hili halimfai mwenye maumivu ya mgongo au magoti, wala familia yenye mtoto mchanga, na anayesafiri kwa shughuli zinazohitaji suti atasikitika akiifungua. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya sanduku la kawaida tulilokuwa nalo, na ningeitoa tena, ila baada ya kupima mgongo kwanza. Hivi sasa yote mawili yananing'inia nyuma ya mlango wa chumba, lake likiwa na kichwa kipya cha zipu, langu likiwa na gauni lililokunjwa ndani ya shati lake, kwa kuwa Ijumaa tunarudi ziwani.