Mashine ya kunolea mnyororo wa pawasoo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mnyororo mkali wa pawasoo, yaani msumeno wa injini, hutupa vipande vya mti vinavyoonekana. Ukishakuwa butu hutema unga kama wa muhogo, na mkataji anaanza kuulalia msumeno kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Hapo ndipo wengi huanza kuulizia mashine ya kunolea. Mimi nanoa minyororo ya watu wa paini na mikaratusi upande wa Mubende, Uganda, na ninachoulizwa zaidi ni mota ina wati ngapi. Mota ni jambo dogo. Angalia kibanio kinachoshika mnyororo na jiwe linalonoa.

Ila kwanza, tupa ya duara unayo? Kama huna, anza nayo, maana mashine haitakufuata msituni. Mnyororo wa saizi ya .404 (namba hizi ni za inchi), ule wa pawasoo kubwa za Stihl 070 tunazopasulia mbao, unataka tupa ya milimita 5.5. Wa 3/8 wa kawaida, 5.2. Mashine ni ya pale tupa inaposhindwa: meno yaliyogonga jiwe au msumari, au minyororo kumi ya wateja inayokusubiri jioni.

Namba moja kwangu, na sioni mpinzani, ni mashine ya mezani ya chuma yenye jiwe la kipenyo cha milimita 145. Kampuni ya Oregon ndiyo wenye jina. Nyingi zilizojaa madukani ni za Kichina zenye umbo lile lile, na baadhi yake ni nzuri kabisa, mradi uzichague kwa mkono si kwa macho. Nenda dukani na mnyororo wako. Ubane, kisha shika kichwa cha mashine ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza, mshukuru mwenye duka uondoke. Kisichocheza, omba unoe jino moja la kushoto na moja la kulia, uyapime urefu kwa kalipa, kile kipimo cha milimita. Kibanio kisichokaa katikati huacha meno ya upande mmoja marefu kuliko mwenzake, na msumeno huanza kuvuta pembeni. Ubao unatoka mnene huku, mwembamba kule, na wanunuzi wa soko la mbao la Ndeeba, Kampala, hawahitaji rula kuliona hilo: wanafumba jicho moja tu, bei inashuka.

Tazama pia alama za pembe. Kwa kukata mti kwa upana, digrii 30 zinatosha. Kwa kupasua mbao kwa urefu tunashuka hadi 10 hivi, kwa hiyo mashine isiyoshuka huko haimfai mpasuaji.

Sasa jiwe. La unene wa milimita 3.2 ni la minyororo midogo, .325 na ile 3/8 nyembamba. Mwenye 3/8 ya kawaida au .404 anahitaji la 4.7. Ukikuta kwenye boksi kuna jiwe jembamba peke yake, ulizia jingine kabla hujalipa, upime na tundu la katikati lilingane na ekseli. Kisha lipime kama mama anavyopima chungu sokoni: litundike kwenye kidole, ligonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Likilia vizuri ni zima. Likitoa sauti ya kufa lina ufa, na jiwe lenye ufa likizunguka kasi hupasuka usoni mwako. Miwani ya kazi iwe kwenye hesabu ya manunuzi tangu mwanzo.

Umeme wetu ni volti 240. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, rahisi ajabu, na mwenye duka alikuwa amebandika stika ya bei juu ya kibati cha maelezo. Chini yake paliandikwa 120. Ilizunguka kwa vishindo, ikanuka, ikanyamaza. Bandua stika, soma. Na kama unategemea jenereta, linganisha wati zake na za mashine. Hii ya mezani hula kama 220 hivi, si nyingi.

Namba mbili ni ile ndogo ya kushika mkononi, ya volti 12, unayoifunga kwenye betri ya pikapu au ya sola. Kwa kambi ya msituni naipenda. Tatizo ni vijiwe vyake: vinalika haraka, na kikishapungua kipenyo, jino halipati tena umbo lake. Nunua vya akiba siku hiyo hiyo. Jino lililovunjika usilipeleke huko, utamaliza vijiwe vyote.

Namba tatu, za plastiki, wati 85, jiwe dogo. Anayepogoa miembe yake mara mbili kwa mwaka, sawa. Mpasua mbao, hapana.

Grainda ya fundi chuma yenye diski ya kukatia siipi namba. Inaunguza. Hata kwenye mashine nzuri nimewahi kukandamiza jino kwa pupa mpaka likageuka buluu kama tumbo la nzi wa chooni. Kesho yake tupa iliteleza juu yake kama juu ya chupa. Gusa sekunde moja, inua, gusa tena.

Ukilipia mashine, ongeza tupa bapa na kipimo cha vijino vile vya mbele ya kila jino. Kila ukinoa, jino linashuka na kijino kinabaki juu, mpaka mnyororo unang'aa na haukati. Kwa 3/8 kijino kikae chini ya jino kwa milimita 0.65, kwa .404 ni 0.8. Kuna wanaokishusha zaidi ili msumeno ule haraka, kisha wanashangaa mbona unawarukia.