Tairi bila tyubu kwenye mbigili za Dodoma: linatufikisha Mvumi au halitufikishi?

Mbukwenyi, mbukwenyi! Karibuni tena kwenye chaneli. Leo nina furaha na nina hasira, vyote viwili kwa bidhaa ileile, kwa hiyo kaa hapo hapo usiondoke. Hili hapa. Ngoja nilisogeze. Ni tairi la baiskeli, upana milimita 40, na ndani halina tyubu. Kuna upepo na maji meupe ya kuziba pancha, basi. Uzito gramu ngapi, nyuzi ngapi, hayo yote yako kwenye boksi, siyasomi.

Ninachotaka kujua ni kimoja tu: linanitoa kwenye barabara kubwa?

Maana mnaoendesha Dodoma mnajua tatizo letu. Ukienda upande wa Singida, malori. Ukienda upande wa Morogoro, malori. Ndiyo njia ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, haiwezi kuwa tupu. Semi inapokupita, kwanza upepo wake unakusukuma nje, halafu mkia wake unakuvuta ndani. Umeshika usukani, hata mbuyu uliopita huuoni. Huko si kuendesha baiskeli, ni kuomba ufike.

Utulivu upo, na upo karibu. Unashuka lami, unaingia vumbi, unapita mashamba ya uwele na alizeti, vilima vinapanda na kushuka, huoni gari kwa muda mrefu. Lakini vumbi la Ugogo lina mwenyewe. Hii hapa, nimeileta kwenye kopo. Mbigili.

Angalieni vizuri, naweka karibu na kamera. Tunda lake likikauka linagawanyika vipande, na kila kipande kina miiba yake. Nakidondosha mezani. Tazama. Mwiba unaangalia juu. Nakidondosha tena. Juu tena! Kigeuze utakavyo, kuna mwiba mmoja unakusubiri. Ndiyo maana mtu anatoka na tairi jembamba la mashindano, la milimita 25, lenye upepo wa psi 90 au 100 (psi ndiyo namba ya msukumo kwenye kipimo cha pampu), akifika kwenye vijia vya pembeni anabandika viraka mpaka gundi inaisha.

Sasa naanza. Gurudumu lina upepo 40, kipimo hiki hapa, mnaona. Nachukua mbigili, naikandamiza kwa kidole gumba kupitia kitambaa... imeingia. Mwiba wa mgunga nao, huu mrefu... umeingia. Sikilizeni. Kimya. Kwa sababu mwiba wenyewe umeziba tundu. Hapo wengine wanakata video na kusema jamani limefaulu. Bado! Mtihani unaanza ukiung'oa.

Naung'oa huu wa mgunga. Tssss. Mnasikia? Msiogope, zungusha gurudumu, lile tundu lije chini, kwa sababu maji yanakaa chini. Tazama povu jeupe linatoka... linatoka... linapungua... limekoma. Napitisha kidole, pamelowa kidogo tu. Kipimo: 37. Yaani nimepoteza upepo kidogo sana na sijashika pampu.

Ngoja nirudie taratibu ili muone kinachotokea, maana hapa ndipo nilipolipenda. Maji haya ni utomvu wa mpira uliochanganywa na chembechembe. Upepo unapotaka kukimbia unayasukuma kwenye tundu. Chembechembe zinajazana pale kama watu mlangoni mwa daladala, utomvu unagandia juu yake, mlango umefungwa. Upepo unaotoroka ndio unaoleta kiraka. Naing'oa na mbigili... ts! Hata sikuwahi kuzungusha.

Naongeza nyingine. Hapa pembeni ya kashata za tairi, hapa katikati, na hii hapa. Ng'oa, ng'oa, ng'oa. Povu, povu, kimya. Jamani! Ningekuwa na tyubu, saa hizi nimekaa chini ya mti na beseni la maji natafuta tundu la tano.

Msumari sasa. Hapa nisiwadanganye. Msumari mwembamba limeziba kwa shida. Huu mnene, hapana, maji yanaruka tu, mpaka fulana imeharibika. Tundu la namna hiyo unalichomeka kinyuzi cha mpira, kile kile wanachotumia mafundi wa tairi za gari, ila chembamba. Na tairi likichanika ubavuni kwa jiwe, beba tyubu moja ya akiba uivalishe ndani ufike nyumbani.

Halafu huo upepo 40. Kwenye vile vijituta vya mfululizo vya barabara ya vumbi, tairi jembamba lililokazwa linakutikisa mpaka meno. Hili linajikunja juu ya kijiwe na kuendelea. Awali nilitaka kusema uzuri wake mkubwa ni kuziba, lakini nikishuka kilima, mikono ikiwa haina ganzi, naanza kufikiri uzuri wake mkubwa ni huu ulaini. Sijaamua. Tuendelee.

Njia niliyolipimia tairi hili: njia panda ya Ntyuka, vilima vya mawe, hadi Hospitali ya Mvumi, halafu unazunguka kutokea njia panda ya Kikombo. Ni kama kilomita 76. Kwangu ndiyo nzuri kuliko zote karibu na mji. Barabara inapanda, inageuka, inakufungulia bonde zima lenye mibuyu, kisha inakudondosha. Kwa ajili ya wagonjwa wanaokwenda Mvumi, barabara hii naiombea lami yote, kwa moyo kabisa, na hata lami ikikamilika vijia vya pembeni vitabaki.

Kuna kitu lazima ukijue kuhusu upepo, huu wa hewani sasa. Kiangazi, kuanzia Juni hivi, Dodoma upepo unatoka mashariki na kusini mashariki, na mchana unakaza. Kwa hiyo toka alfajiri ukiuelekea, wakati bado mpole na miguu bado mipya. Ukifika Kikombo unageuka magharibi kurudi mjini, unakusukuma mgongoni. Ile sehemu ya mwisho kwenye barabara kubwa unaimaliza upesi, ndivyo inavyotakiwa. Ukizungusha kinyume, utarudi na jua la saa sita na upepo usoni. Masika, Desemba hadi Aprili, nchi ni ya kijani, nzuri ajabu, lakini korongo likiwa linatiririka usilivuke. Geuza. Maji yale hayana urafiki.

Wa lami tupu: nendeni barabara ya Iringa. Kwangu ndiyo tulivu kuliko lami zote zinazotoka mjini, miinuko ipo ya kutosha, na mwisho wa safari kuna Mtera, bwawa na samaki. Ya Kondoa pia ni nzuri ukishapita Msalato, Makutupora unapata zabibu barabarani ukifika kwenye msimu. Huko hata tairi la milimita 32 linatosha, tena lenye tyubu.

Sasa hasira yangu. Bei! Tairi moja ni zaidi ya laki, yako mawili, ongeza chupa ya maji ya kuziba pancha, ongeza tepu ya kuziba rimu, ongeza valvu zake. Na ukishalipa, duka moja, silitaji, wakaniambia ukimwaga maji umemaliza mwaka mzima. Si kweli. Utomvu unakauka, na kwa joto letu na hewa yetu kavu unakauka haraka zaidi. Fungua kila baada ya miezi miwili hivi, tikisa gurudumu usikilize kama kuna maji. Upana huu unataka mililita 60 hadi 90. Ukipunja, hakuna kuziba. Kulivalisha mara ya kwanza nako ni vita. Pampu ya mkono hailiketishi kwenye rimu, peleka kwa fundi mwenye kompresa.

Na wale mnaoniuliza kuhusu tairi ngumu, zile za mpira mtupu zisizojazwa upepo: hapana. Pancha hupati, ni kweli, lakini kila kijiwe unakisikia kiunoni, na kwenye kilima ni zito. Mimi silipendi kabisa.

Mwenye baiskeli ya Phoenix, usinunue hili, rimu zako hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nunua chupa tu, ng'oa kichwa cha valvu, mwaga maji ndani ya tyubu. Haizibi vizuri kama nilivyowaonyesha, tyubu inasogea na tundu linatanuka, lakini kwa mbigili ndogondogo inasaidia, na gharama ni ndogo mno. Kwa kweli wengi wenu waanzie hapo. Tairi la laki lisubiri mpaka uwe unashuka lami kila wiki.

Mimi nabaki nalo. Kwa njia za Mvumi sirudi kwenye tyubu.

Video ijayo tunaelekea Kolo kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, tutalala Kondoa. Anayejua kijia kizuri upande wa Bahi kinachokwepa barabara ya malori, aniandikie hapo chini, aseme na mahali pa kupata maji ya kunywa. Bonyeza kengele. Tuonane Jumamosi.