Safari ya siku moja katika pwani ya kusini ya Aisilandi

Safari hii ya basi, inayoondoka Reykjavík asubuhi na kurejea jioni, inamfaa sana mgeni mwenye muda mfupi, mradi akubali kwamba saa nyingi zitapita barabarani, kwa kuwa kijiji cha Vík, mwisho wa safari kabla ya kurudi, kiko umbali wa takriban kilomita 180.

Kwenye maporomoko ya Seljalandsfoss maji huanguka mita 60 hivi kutoka kwenye genge lililokuwa ukingo wa bahari hapo kale, na ipo njia ya miguu inayopita nyuma ya maporomoko yenyewe. Maporomoko ya Skógafoss ni mapana zaidi, na ngurumo yake husikika kabla hujayakaribia.

Kilichonigusa zaidi ni Sólheimajökull, ulimi wa barafuto (tandiko kubwa la barafu ya kudumu) ya Mýrdalsjökull, wenye michirizi myeusi ya majivu ya volkano. Mbele yake limetanda ziwa la maji ya barafu iliyoyeyuka, mahali ambapo si zamani sana palifunikwa na barafu tupu. Muda tuliopewa hapo ulikuwa mfupi mno. Ningependa upunguzwe ule wa dukani.

Katika ufuo wa Reynisfjara, wenye mchanga mweusi na nguzo za basalti (mwamba wa volkano), kiongozi wetu alisisitiza kwamba mtu asiipe bahari mgongo, kwani mawimbi hupanda ghafla na yamekwisha kuua watalii. Nampongeza kwa msimamo huo. Atakayekwenda avae koti na viatu visivyopenya maji, hata wakati wa kiangazi.